Usiuze Zima

Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga
12 Februari 1984

Kwa mjomba wangu Sadalla,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta Wete ukiwa mzima, pamoja na mkaza mjomba na watoto. Sisi huku wazima. Bi Chiku, yule jirani yetu aliyetoka Kigombe, anakusalimu, na anauliza kama huko Pemba mchele bado mnaula au siku hizi mnautazama tu. Wiki iliyopita sabuni ilipatikana, mche mmoja kwa kila nyumba, na mtaa mzima ulifua mpaka nguo za marehemu. Shule tumefungua. Darasa langu lina watoto sitini na wawili na vitabu kumi na kimoja.

Nimeandika "wazima" kwa sababu barua huanza hivyo. Baba si mzima. Jicho lake la kushoto limekwisha. Daktari wa macho aliyepita hapa Januari alimtazama, akaniita kando, akaniambia kuwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. La kulia likipasuliwa Moshi kabla ya katikati ya mwaka linaweza kubaki kama lilivyo leo. Likiachwa, litalifuata lenzake. Kupasuliwa ni bure. Kufika Moshi, kukaa wiki sita na kupata dawa ya matone ambayo sharti itoke Nairobi, hayo si bure, na mshahara wangu unaujua.

Tumebakiwa na kitu kimoja, lile Pijo. Liko uani juu ya mawe tangu tairi zilipokwisha, limefunikwa turubai. Wewe ndiwe uliyelitengeneza miaka yote mpaka ulipohama mwaka wa sabini na tisa. Baba husema gari lile linajuliwa na watu wawili tu duniani, yeye na wewe. Na kwamba yule meneja wa mkonge aliyemwachia alipoondoka hakulijua hata kidogo, alikuwa akilipanda tu. Njoo ulitazame, mjomba. Siku mbili tu. Uniambie thamani yake, nisidanganywe na nisimdanganye mtu.

Tangazo nimelibandika posta. Baba sijamwambia. Watu wakija kugonga mlango namwambia wanatafuta masomo ya jioni.

Mpwa wako,
Suhaila


Wete, Pemba
9 Machi 1984

Mpwa wangu Suhaila,

Marahaba, na Mungu akuweke. Barua yako imelala Unguja siku kumi na sita ndipo ikaletwa huku. Mkaza mjomba wako anasumbuliwa na goti, mvua zikianza hawezi kuinama shambani. Wadogo zako hawajambo. Mwambie Bi Chiku mchele tunauona kwa nadra, lakini ukionekana tunauamkia.

Habari ya jicho la shemeji yangu imenikata maini. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kuja siwezi. Sababu ya kwanza usiniulize, wala ya pili. Ya tatu ni mpunga, na hiyo ndiyo ninayokuandikia.

Lakini gari si lazima litazamwe na fundi. Fundi hutazama kwa mazoea. Afadhali mtu asiyejua anayefuata maneno. Chukua ile sumaku ya shule, ifunge kitambaa chembamba, uipitishe milangoni na pembeni mwa magurudumu. Inaposhika ni bati, inapoteleza ni pati ya kuzibia iliyopakwa rangi, na chini ya pati kuna tundu. Inua mazulia, ubonyeze sakafu kwa kidole gumba kila mahali, maana chumvi ya Tanga hula gari kuanzia miguuni, kama ugonjwa wa sukari. Chomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini, upake kidogo kwenye karatasi nyeupe, uiache mpaka asubuhi. Azima betri, liwashe, usimame nyuma: moshi mweupe ni maji, wa buluu ni mafuta, mweusi ni kabureta. Geuza usukani taratibu, upime kwa vidole unazunguka kiasi gani kabla ya magurudumu kuitika. Andika yote. Namba za injini na za kadi usijisumbue nazo, hizo ni kazi ya serikali.

Na hili uliweke moyoni. Thamani ya gari haimo kwenye gari. Imo kwenye shida ya anayelitaka, ukiondoa shida ya anayeliuza. Kwa hiyo shida yako usiitaje kwa mtu.

Mjomba wako,
Sadalla


Tanga
3 Aprili 1984

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe ishirini na sita. Pole na goti la mkaza mjomba; Bi Chiku anasema amkande kwa majani ya mbono. Masika yameanza, uani ni matope matupu. Baba anakula vizuri. Chai anaimimina mwenyewe, kidole kikiwa ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, na anadhani sioni.

Nilifanya yote uliyosema Ijumaa iliyopita, baba alipokwenda kuswali. Bi Chiku alinishikia kanga juu ya kichwa kuzuia mvua. "Mwalimu kawa tabibu wa mabati," alisema. "Muulize mgonjwa kama amepata choo."

Sumaku ilishika milango yote minne. Iliteleza nyuma kulia, juu ya gurudumu, mahali pa ukubwa wa kisahani. Sakafu ya dereva inabonyea kama papai, lakini kidole hakikupita. Upande wa mama ni mgumu kama mpya. Nimeandika upande wa mama, nilikusudia upande wa abiria. Chini ya zulia lake nilikuta pini ya buibui. Nimeiweka. Hukuniagiza la kufanya na pini.

Liliwaka mara ya tano. Moshi ulikuwa wa buluu kwa dakika moja, kisha haukuonekana. Usukani unacheza vidole vitatu. Mafuta kwenye karatasi ni meusi katikati, pembeni yamekuwa rangi ya chai. Kila nilipobonyeza kidole niliogopa, na haikuwa kwa ajili ya gari. Niliona kama ninatia kidole gumba katika maisha ya mtu aliye msikitini mtaa wa pili, asiyejua kuwa anapimwa.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniagiza. Mimi husoma kila kilichoandikwa, hiyo ndiyo kasoro yangu tangu utoto. Namba iliyo ubavuni mwa injini siyo iliyo kwenye kadi. Niliisugua kwa mafuta ya taa nikasoma tena. Hazikaribiani hata. Labda kwenye Pijo ndivyo ilivyo. Utanieleza.

Mnunuzi yupo. Anaitwa Miraji, mkulima wa machungwa wa Maramba, na ana tairi nne alizozificha tangu wakati wa vita. Alilizunguka gari mara tatu bila neno, tangazo langu likiwa mkononi.

"Bi mwalimu," akasema, "wewe wauza gari au waposesha binti? Sifa hizi hata bibi arusi hana."

"Nimeandika ninachokijua."

"Umeandika milango haina kutu. Hukuandika injini ina hali gani."

"Sijui."

"Basi tafuta ajuaye. Likiwa zima nalichukua. Likiwa si zima, sema mapema, tusije tukavunjiana heshima mbele ya watu."

Bei aliyotaja inatosha Moshi kwenda na kurudi, na matone ya mwaka. Bi Chiku anasema ananipunja, kwamba gari zima la aina hii Dar es Salaam linafika mara mbili ya hapo. Miraji amenipa mpaka tarehe ishirini. Baada ya hapo ana Landrova ya kwenda kuitazama Muheza.

Basi nijibu kwa telegramu, mjomba, mambo mawili tu. Niuze au nisiuze? Zima au si zima? Ukisema ni zima nitamwambia ni zima, nami nitakuwa nimesema kweli.

Suhaila


TELEGRAMU
WETE 17 APRILI 1984
SUHAILA YAKOUB TANGA
USIUZE ZIMA BARUA YAJA
SADALLA


Tanga
19 Aprili 1984

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Watoto wa darasa langu wamepungua, wengine wamekwenda kuvuna na wazazi.

Telegramu yako ilifika jana, wakaniletea shuleni. Nimefanya kama ulivyoagiza, ingawa ilikuwa vigumu kumtazama Miraji usoni. Barua uliyosema yaja naingoja.

Suhaila


Tanga
21 Juni 1984

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Tumefika chungu cha ishirini. Bi Chiku anafunga na kulalamika kwa zamu. Baba anafunga pia, daktari alimkataza.

Barua yako haijaja. Kila Jumatatu na Alhamisi napita posta. Tangazo langu bado liko ubaoni, wino umekimbia.

Wiki iliyopita tulisikiliza bajeti kwenye redio ya Bi Chiku, watu wamejaa mpaka mlangoni. Sasa mwenye fedha zake nje anaruhusiwa kuleta bidhaa, asiulizwe alizipata wapi. Watu walipiga makofi. Mmoja akasema, "Kumbe walikuwa nazo!" wakacheka sana. Baba hakucheka. Aliniuliza kama magari nayo yataruhusiwa. Nikamwambia nadhani yataruhusiwa. Akasema, "Basi."

Nimekuwa nikingoja mtu wa kulithamini gari kama ulivyolithamini wewe. Wamekuja wawili. Mmoja alitaka vioo tu.

Jana baba aligonga paji la uso kwenye fremu ya mlango ambao amepita miaka ishirini. Aliuomba radhi mlango.

Mjomba, andika.

Suhaila


(Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Suhaila: Imeletwa na Yussuf, mfanyabiashara wa vitambaa, 8 Julai. Alipitia Unguja kwenye msiba, akabaki huko mpaka Idi. Aliomba radhi sana.)

Wete
16 Aprili 1984

Mpwa wangu Suhaila,

Salamu nyingi. Goti la mkaza mjomba wako limepata nafuu kidogo, majani yamesaidia. Barua hii nampa Yussuf mkononi, siipitishi posta. Kesho nitakupigia telegramu kwa kuwa siku zimekwisha. Maneno yatakuwa machache. Kila neno lina bei yake, na karani wa hapa ni mtu wa kusimulia.

Usiliuze gari zima. Livunje. Uza kidogo kidogo, kila kitu na mtu wake. Teksi za Pijo za njia ya Lushoto zimesimama kwa kukosa spea. Mwenye kuhitaji rejeta atatoa chochote, na giaboksi peke yake inakupeleka Moshi. Milango kwanza, halafu vioo, halafu rejeta. Nimekaa nikapima usiku na mchana: kwa shida ya leo, vipande vyake vinazidi bei ya Miraji, na vitaizidi mpaka meli zitakapoanza tena kuleta mali. Ndiyo maana nasema fanya upesi, mwezi huu.

Injini mpe mtu wa mashine ya kusaga. Yeye hataki kadi. Ukimuuzia Miraji gari zima atakwenda kuandikisha jina lake, na mkaguzi atafungua boneti asome namba. Hapo ataulizwa baba yako, siyo mimi. Mzee wa jicho moja asimamishwe kaunta ya polisi aulizwe injini ya nani. Sitaki.

Zile namba usiniulize. Najua utaniuliza, maana wewe ni mtoto wa dada yangu Mwatum. Nakuomba usiniulize.

Mjomba wako,
Sadalla


Tanga
11 Julai 1984

Mjomba,

Shikamoo. Idi ilipita salama. Bi Chiku alituletea mkate wa kumimina. Baba alivaa kanzu ile uliyomletea zamani. Vifungo alivifunga mwenyewe, kimoja kimeruka tundu.

Barua yako nimeipata. Sasa nieleze nilichofanya, halafu hatutakizungumza tena.

Telegramu ilipofika nilikuwa darasa la saba, nafundisha insha. Niliifungulia mezani. Nilikuwa nimekuuliza mambo mawili, niuze au nisiuze, zima au si zima. Niliona majibu mawili, moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule niliouliza. Usiuze. Zima. Mimi ambaye mchana ule ule nilikuwa nawafundisha watoto nukta inakaa wapi, niliweka nukta mahali ambapo wewe hukuiweka. Nilifurahi, mjomba. Nataka ujue kwamba nilifurahi. Nilidhani tuna mali kuliko tulivyojua.

Miraji alipokuja nikamwambia, "Siuzi kwa bei hiyo. Ni zima."

Akatikisa kichwa. "Nani kasema?"

"Fundi wake."

"Haya, bi mwalimu. Mwenye chake hakosei." Akabeba tairi zake akaenda Muheza, akaichukua Landrova.

Kwa hiyo tangu telegramu ile, Aprili, Mei na Juni, wewe ulikuwa ukidhani ninalivunja, mimi nikidhani ninalitunza. Nilikuwa nalifuta vumbi kila Jumapili.

Tangu juzi nimetafuta fundi wa kulivunja. Amekuja mmoja wa gereji ya Ngamiani, kijana mpole. Alifungua boneti akaifunga. "Dada," akaniambia, "mwezi wa nne ningekuletea watu hapa wakapigana. Sasa kila mtu ana ndugu Dubai, kila mtu amemwandikia. Nani atanunua rejeta ya mwaka sitini na tatu, na mpya ziko njiani?" Nikamwambia hazijafika. Akasema, "Hazijafika, lakini watu wameshaacha kununua."

Moshi nimeandika. Wamenijibu kwa upole kwamba watanipa siku nyingine. Siku wanayo, nauli sina. Jicho la kulia la baba linaona dirisha, halioni anayesimama dirishani.

Sikulaumu. Nimeliandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kuona kama mkono utalizoea. Ila nieleze namba. Umeniomba nisiulize, nami nauliza.

Suhaila


Wete
25 Agosti 1984

Suhaila mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua ndogo imenyesha, mihogo imeshika. Barua yako ya Juni na ya Julai nimezipata siku moja.

Kwa siku nyingi nilikuwa nikijiuliza kwa nini hukuniuliza tena, kwa nini hukutuma neno la pili. Halafu nikajiuliza kwa nini mimi sikuongeza neno moja. Ningeandika LIVUNJE. Neno moja, bei yake ni ya boksi la kibiriti. Nilisimama mbele ya karani, nikaliwaza, nikaona akisoma "livunje" atauliza nini kinavunjwa, na cha nani. Nikaliacha.

Mwaka wa sabini na nane mwishoni, shemeji aliniletea gari nifungue injini, pete za pistoni zilikuwa zimechoka. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa, spana zote za gereji zilikuwa za tajiri, jioni tunazihesabu tukazirudisha. Pale gereji alikuwa akija mtu mwenye magari mengi, jina lake limekufa naye. Alikuwa na injini ya Pijo iliyochakaa, haina karatasi. Alinionesha sanduku la spana za Kijerumani, jipya, limepakwa grisi, kila spana na kitanda chake. Akasema, mpe shemeji yako hii, uisafishe, uipake rangi. Yake niletee mimi. Hatajua.

Niliisafisha siku nne. Sijapata kuifanyia injini kazi nzuri kama ile. Shemeji hakunilipa kwa kuwa mimi ni ndugu, akaniombea dua. Miezi miwili baadaye nikahama. Kila mtu alidhani nimekuja kusaidia shamba la baba.

Sanduku ninalo. Nalitumia kutengeneza baiskeli. Spana nyingi hazina kazi huku. Za ukubwa ule hakuna nati zake Wete nzima.

Nilijua kupima thamani ya kila gari lililopita Tanga, na hiyo ndiyo bei niliyoipa injini ya shemeji yangu.

Usimwambie baba yako. Hilo ndilo ninalokuomba, na sina haki ya kuomba.

Sadalla


Tanga
2 Desemba 1984

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nilikaa nayo karibu miezi mitatu, ndiyo maana nimechelewa. Mkaza mjomba namsalimu sana. Bi Chiku amehamia kwa mwanawe Kigombe, uani kumekuwa kimya.

Jicho la kulia lilikwisha mwezi wa kumi. Halikwisha siku moja niweze kukutajia tarehe. Asubuhi moja baba aliniuliza kama taa ya umeme imekatika, na jua lilikuwa limekwisha kutoka. Nikasema ndiyo, imekatika. Akasema, "Si kitu, itarudi." Tulidanganyana hivyo kwa siku nne, kisha akaacha kuuliza.

Barua yako nilimsomea. Mwaka mzima nimefuata maneno yako kama yalivyoandikwa, na hili sikulifuata. Alikuwa amekaa ndani ya gari, kiti cha dereva, mlango wazi. Siku hizi hupenda kukaa humo baada ya alasiri. Nilisimama nje nikasoma mpaka mwisho.

"Spana?" akauliza. "Sanduku zima?"

"Sanduku zima, baba."

Akacheka, mjomba. Kicheko kifupi, bila ubaya. "Nami miaka yote nikidhani angalau alipata mashine ya kuchomelea."

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu Jumapili ya kwanza aliponirudishia. Tulikwenda Tongoni na mama yako. Injini yangu ilikuwa ikivuta pumzi kabla ya gia ya tatu, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Hii haikuvuta. Nikajua huyu ni mgeni."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alikuwa amekaa hapo." Akagusa kiti cha pembeni. "Kavaa buibui jipya, kafurahi ndugu yake kalitengeneza gari bure. Ningesema nini?"

"Na mimi? Mama alikufa mwaka wa themanini. Mimi mbona hukuniambia?"

Aliweka mikono kwenye usukani, akiuchezesha vile vidole vitatu, kushoto, kulia.

"Wewe," akasema, "uliniambia wale wanaogonga mlango wanatafuta masomo ya jioni."

Akaendelea taratibu, kama anayenielekeza njia. "Nilisikia sumaku ikigonga mlango wa gari, nimesahau tasbihi nikarudi kuichukua. Nikasema moyoni, mwanangu ananificha jambo, nisimwaibishe. Ungeniuliza mimi, Suhaila, ningekwambia livunje. Siku ile ile."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Amenituma nikuambie mambo mawili. La kwanza, kwamba injini uliyomwekea imemfikisha kila alikokwenda, na kwamba kazi yako ilikuwa safi. La pili, spana zile usiziuze, ngoja, nati zake zitakuja, siku hizi kila kitu kinakuja. Sijui kama la pili ni mzaha. Nilimtazama usoni nisiweze kujua, na yeye hawezi tena kuona kama ninamtazama.

Na kweli kila kitu kinakuja. Barabarani pana pikapu nyeupe za Kijapani, viti bado vina nailoni. Miraji nilimwona na moja, kaiuza Landrova kwa hasara, akanipungia mkono. Gari halina mnunuzi, zima wala vipande. Tangazo posta wamelibandua, wamebandika la mtu anayeuza video.

Pini ya buibui nimeirudisha chini ya zulia.

Jioni namtoa baba barazani. Wapita njia humwita, "Mzee Yakoub, u mzima?" Naye huwageuzia uso upande sauti ilikotoka, mara nyingi amekosea kidogo, akajibu pale pale, "Mzima." Nami huwa ndani, nasahihisha madaftari, na kila siku nalisikia neno hilo. Sijui nukta huiweka wapi.

Mpwa wako,
Suhaila